Wazazi, upo mchezo wa video unaostahili kuchezwa

Swali ambalo wazazi wa Kitale na Bungoma huniuliza sana siku hizi si la homa wala la kuhara. Mtoto akishapimwa na kuandikiwa dawa, mama au baba husogeza kiti karibu na kusema: "Daktari, kijana huyu anashinda kwenye michezo ya video. Je, haitamharibu akili?"

Jibu langu huwashangaza wengi. Huwaambia kwamba ipo michezo ya video ambayo ningependa kijana wao aicheze, mradi aicheze kwa kipimo. Wengine hudhani ninafanya mzaha. Kwa kuwa foleni ya wagonjwa huwa ndefu na muda wa maelezo ni mfupi, leo ninalieleza jambo hili kwa kirefu, ili kila mzazi apate nafasi ya kulipima mwenyewe.

Hali ilivyo mitaani

Anayetembea katika mitaa ya Kitale au Bungoma atakutana na vyumba vidogo vyenye pazia mlangoni, televisheni ukutani na benchi lililojaa vijana. Kwa shilingi chache kijana hupewa kidude cha kuchezea na kuketi mbele ya mashine. Mchezo unaotawala ni kandanda. Baada ya kandanda huja mbio za magari na ndondi.

Mimi sina ugomvi na kandanda ya televisheni. Ugomvi wangu ni na mambo yanayoandamana nayo. Vijana wawili hucheza, na wengine husimama nyuma yao wakiwekeana pesa. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini pazia la mlangoni huficha mengi. Mtoto aliyeingia kucheza mpira huweza kutoka akiwa amepoteza nauli yake, na kesho yake hurudi ili kuikomboa.

Wazazi na walimu wengi hujibu hali hii kwa marufuku. Naelewa hasira yao, lakini marufuku ya jumla haisaidii. Mtoto anayekatazwa kabisa nyumbani huenda kucheza kichochoroni, ambako hakuna anayejua anacheza nini, anacheza na nani, wala hadi saa ngapi. Sisi madaktari tumejifunza jambo hili kwa wagonjwa wa kisukari. Ukimwambia mgonjwa aache kila anachokipenda, atakila kwa siri. Ukimwonyesha ale nini na kwa kiasi gani, mtaelewana.

Kwa hiyo swali la maana si kama watoto wacheze au wasicheze, kwa sababu wanacheza tayari. Swali ni wacheze nini, na kwa kiasi gani.

Mchezo wenyewe

Ipo aina ya michezo ya video ambayo kazi ya mchezaji ni kulinda. Adui huja kwa makundi, kundi baada ya kundi, wakielekea mahali ambapo mchezaji ameagizwa kupalinda. Naye huweka vizuizi, mitego na walinzi njiani ili wasifike. Aina hii ilienea katika kompyuta miaka ya 2000, na mwaka 2009 ilipata umaarufu mkubwa kupitia mchezo wa Plants vs. Zombies, ambamo mtu hulinda nyumba yake kwa kupanda mimea.

Ninaoupendekeza kwa vijana ni ndugu wa huo, ila una mwendo zaidi. Unaitwa Orcs Must Die!, na ulitengenezwa na kampuni ya Robot Entertainment ya jimbo la Texas, Marekani. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2011, la pili mwaka 2012, na la tatu likafika kwenye mashine za PlayStation na Xbox mwaka 2021. Mwaka 2025 lilitoka jingine, Orcs Must Die! Deathtrap.

Hadithi yake ni fupi. Kijana mwanafunzi ameachiwa ngome baada ya mwalimu wake kufa. Ndani ya ngome mna lango la ajabu, na majitu mabaya yanataka kupita humo. Kila jitu linalopita huondoa alama katika akiba ya mchezaji. Akiba ikiisha, ngome imeanguka.

Kabla ya kundi la kwanza kuja, mchezaji hupewa fedha kidogo na nafasi ya kujitayarisha. Sakafuni hutega miiba. Ukutani huweka mitambo ya kufyatua mishale. Mahali pengine humwaga lami ili majitu yaende polepole. Huweza pia kuziba njia moja ili adui wazunguke kwa njia ndefu, au kuwaajiri wapiga mishale wa kusimama kwenye kona. Kundi likishaingia, yeye mwenyewe hukimbia huku na huku na upinde wake, akipiga wale walioponyoka mitego. Hapo ndipo mchezo huu unapotofautiana na ile ambayo mtu hujenga kisha akaketi kutazama. Hapa kuna kupanga na kuna kutenda, na mmoja bila mwingine hautoshi.

Wazazi wa dini watauliza kuhusu mambo ya ajabu yaliyomo. Nawaambia hivi: bibi zetu walitusimulia hadithi za mazimwi usiku kucha, na hatukuwa mazimwi. Haya ni majitu ya hadithi. Damu imo, lakini ni ya katuni, na mchezo wenyewe umejaa vichekesho. Bodi ya Marekani inayopanga michezo kulingana na umri iliuweka katika daraja la vijana wa miaka 13 na zaidi. Mimi naafiki. Mtoto wa shule ya chekechea asipewe.

Faida kwa akili

Sasa nije kwenye udaktari. Mwaka 2003, watafiti wawili, Shawn Green na Daphne Bavelier, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi ambao ulibadilisha mawazo ya wengi. Waliwapa watu wasio na mazoea ya michezo ya video kazi ya kucheza saa moja kwa siku, kwa siku 10. Kundi moja lilicheza mchezo wa mwendo wa kasi, na lingine mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka. Waliocheza ule wa kasi walionyesha maendeleo zaidi katika uwezo wa kuangalia mambo mengi kwa wakati mmoja na kutambua lililo muhimu.

Mwaka 2007, daktari James Rosser na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya madaktari wa upasuaji 33 wanaojifunza kupasua kupitia tundu dogo huku wakitazama televisheni. Waliokuwa wamewahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37, na walimaliza kazi upesi zaidi kwa asilimia 27.

Nisieleweke vibaya. Uchunguzi wa pili haukuthibitisha kwamba michezo ndiyo iliyowapa ustadi. Pengine watu wenye mikono myepesi ndio wanaopenda michezo. Wala hakuna mchezo utakaomfanya mtoto apasi hisabati bila kufungua kitabu. Nasema tu kwamba kauli kuwa michezo ya video huozesha ubongo haina msingi. Ikichaguliwa vizuri na kuchezwa kwa kiasi, huyafanyisha kazi macho, mikono na uangalifu.

Somo la kinga

Hata hivyo, sababu kubwa ya kuupenda mchezo huu ni nyingine. Lugha yetu ina neno moja, kinga, ambalo hulitumia kwa ngome, kwa chanjo na kwa nguvu ya mwili inayopambana na maradhi. Waliotuachia lugha hii waliona mbali. Kulinda lango na kulinda afya ni kazi moja, na wagonjwa wengi ninaowaona wameugua kwa sababu waliitegemea kinga moja tu, au walingoja adui aingie ndipo waanze kujenga.

Chukua malaria. Bungoma, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,400, imo katika eneo la Ziwa ambako malaria ipo mwaka mzima. Kitale, iliyo juu zaidi, takriban mita 1,900, imo katika nyanda za juu ambako ugonjwa huu huja kwa mkupuo baada ya mvua na joto. Wakati huo huwakuta watu ambao miili yao haijauzoea, na huweza kuwaangusha watu wazima na watoto pamoja. Kila wiki watu husafiri kati ya miji hii miwili kwa shughuli za mahindi, shule na ndoa, na vimelea husafiri nao ndani ya damu.

Sasa zitazame silaha zetu jinsi mchezaji anavyoitazama mitego yake. Chandarua chenye dawa ni kama mwiba wa sakafuni: humkamata adui anayepita hapo, lakini mbu anayeuma jioni kabla ya watu kulala hakikuti. Katika mchezo yapo majitu yanayoruka kama popo, ambayo mtego wa sakafuni hauyagusi hata uwe mkali namna gani. Kijana aliyetumia fedha zake zote sakafuni huyatazama yakipita juu ya kichwa chake hadi langoni. Akishindwa hivyo mara mbili, hahitaji mhadhara. Mara ya tatu ataweka na wapiga mishale.

Chanjo nayo ni ngao nyingine. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S tarehe 13 Septemba 2019, na Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizochaguliwa. Katika majaribio yaliyotangulia, chanjo hiyo ilizuia takriban kisa 4 kati ya 10 vya malaria kwa watoto waliopata dozi zote nne. Yapo masikio yanayosikia hivyo na kusema, "Basi haifai, maana sita bado wanaugua." Huyo anafikiri kama mchezaji wa siku ya kwanza, anayetaka mtego mmoja uue wote. Katika Malawi, Ghana na Kenya, ambako chanjo iliongezwa juu ya vyandarua na matibabu yaliyokuwapo, Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hiyo ndiyo kazi ya kinga zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Mmoja akiponyoka chandarua, chanjo inamngoja. Akiiponyoka chanjo, kipimo cha damu na dawa ya mseto vinamngoja.

Dozi ya nne ya chanjo hiyo ilipangiwa mtoto wa miezi 24, na ni dozi ambayo wazazi huisahau kwa urahisi, kwa kuwa mtoto tayari anakimbia na anaonekana mzima. Katika mchezo, utulivu kati ya kundi na kundi si wa kupumzika. Ni wa kutengeneza mitego kwa sababu wengine wanakuja. Ningefurahi kama kila mzazi angeutazama mwaka wa pili wa mtoto wake kwa jicho hilo.

Ngome yetu wenyewe

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa na Wamarekani maana ya kulinda lango. Hapo zamani Wabukusu na Watachoni waliishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa kuta na mahandaki. Anayesafiri barabara ya Webuye kwenda Kitale yu karibu na mlima wa Chetambe, ambako palikuwa na ngome mojawapo. Mwaka 1895 jeshi lililotumwa na Waingereza chini ya C. W. Hobley liliishambulia ngome ya Lumboka kisha ile ya Chetambe. Kuta zile zilikuwa zimejengwa kwa akili nyingi dhidi ya mikuki na mishale. Adui aliyekuja safari hii alikuwa na bunduki, na watu wengi walikufa humo.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wazee wetu. Walijenga kinga iliyofaa kwa adui waliyemjua. Nayasema kwa sababu afya ina mambo kama hayo. Tunaendelea kujenga ukuta dhidi ya malaria na kuhara, na ni sawa, lakini shinikizo la damu na kisukari vimeingia kwa njia nyingine, bila homa wala kutapika. Mtu wa miaka 45 anayelala ndani ya chandarua kila usiku na hajawahi kupimwa presha maishani mwake ameziba mlango mmoja na kuuacha mwingine wazi. Ndiyo maana napenda kijana ajifunze mapema kuuliza swali la mlinzi: je, adui atapita wapi ambapo sijaweka kitu?

Madhara yapo

Ningekuwa daktari wa hovyo kama ningesifu dawa bila kutaja madhara yake.

La kwanza ni kunaswa. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa kucheza michezo ya video kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo huchukua nafasi ya mambo mengine yote, na huendelea kucheza hata anapoona maisha yake yanaharibika. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu takriban mwaka mzima ndipo iitwe ugonjwa. Kwa hiyo kijana anayenuna akiitwa kula si mgonjwa. Aliyeacha shule, marafiki na kuoga kwa ajili ya mchezo, huyo mlete.

La pili ni usingizi. Kijana anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Mchezo huu una tabia ya kumwambia mtu, "Kundi moja tu, kisha nalala." Makundi hayaishi, na alfajiri humkuta macho mekundu.

La tatu ni macho na mwili. Macho yanayotazama karibu muda mrefu huchoka na kukauka, na mtoto asiyetoka nje kwenye mwanga wa jua yumo katika hatari zaidi ya kutoona mbali. Kukaa kitako nako hunenepesha. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomtoa jasho.

La nne ni kifafa. Wako watu ambao kifafa chao huchochewa na mwanga unaomeremeta. Mtoto mwenye historia ya kifafa asiketi mbele ya mchezo wowote wa mwanga wa kasi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Akianguka akicheza, usitie kijiko mdomoni. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu naye, na umlete hospitali.

Dozi ninayoiandika

Kama mchezo huu ungekuwa dawa dukani, karatasi yangu ingesomeka hivi.

Umri: miaka 13 na zaidi.

Kipimo: siku za shule, usichezwe mpaka kazi ya nyumbani imalizike, na usizidi nusu saa. Jumamosi na Jumapili, saa moja, au saa moja na nusu kwa aliyetoka nje kwanza akakimbia, akalima au akacheza mpira wa kweli.

Wakati: mchana au jioni mapema. Mashine izimwe saa moja kabla ya kulala, na isiwekwe katika chumba anacholala mtoto.

Namna ya kutumia: taa ya chumba iwake, mtoto aketi mbali na televisheni, na kila dakika 20 anyanyue macho atazame kitu kilicho mbali.

Tahadhari: usichanganywe na kamari. Mzazi asimwachie mtoto nambari ya siri ya M-Pesa, kwa sababu ipo michezo mingine ya simu iitwayo ya bure ambayo huuza silaha na sarafu kidogo kidogo hadi mfuko unatoboka.

Nyongeza: mzazi aketi na mtoto walau mara moja kwa wiki. Usiogope kuchekwa. Muulize, "Kwa nini umeweka lami hapa?" Utashangaa jinsi kijana ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja atakavyokueleza kwa dakika kumi. Kisha umuulize swali la pili: "Na nyumba yetu hii, mbu wanaingilia wapi?" Mpe kazi ya kukagua vyandarua vina matundu mangapi na maji yamesimama wapi uani. Mchezo peke yake hauzuii malaria. Mazungumzo yanayoufuata, pamoja na sindano na uzi wa kushonea chandarua, huweza kuzuia.

Kwa wenye vyumba vya michezo

Nina neno pia kwa wenye vyumba vya michezo wa Kitale na Bungoma. Ninyi si maadui wa jamii. Mmewapa vijana mahali pa kukaa ambapo si baa. Lakini ondoeni pazia mlangoni, fungueni madirisha hewa ipite, maana kifua kikuu hupenda vyumba vilivyofungwa, na mfukuze anayekusanya pesa za kamari. Msiwapokee wanafunzi wenye sare saa za masomo. Na pembeni ya kandanda, wekeni mashine moja yenye mchezo wa kulinda ngome. Wateja watakuja.

Kwa walimu wa vilabu vya afya shuleni, nawaomba mlitumie somo hili hata pasipo mashine. Choreni ngome ubaoni, mtoe watoto wanne wawe mbu, na wengine waamue waweke nini wapi na kwa shilingi ngapi. Mtoto aliyewahi kupanga kinga kwa fedha chache ataelewa kwa nini dada wa kliniki humsisitizia mama yake arudi kwa dozi ya nne.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Vijana wetu wameusikia msemo huu mpaka umewachosha. Mchezo huu unawapa nafasi ya kuujaribu kwa mikono yao, washindwe, waanze tena, na waone wenyewe kwa nini ni kweli. Mzazi mwenzangu, usiukate waya wa mashine leo. Kaa uangalie kundi moja linavyopita, kisha uamue.